Hodi Chini ya Vigae

Kigae kilikataa kukauka. Hilo ndilo lililomkera Mama Kijiko, na tuseme ukweli, mwanzoni lilimkera tu, wala halikumwogopesha. Miaka sita alikuwa akideki ukumbi wa mapokezi wa hoteli ile ya ufukweni. Alijua kwamba saa saba mchana, jua likiwa la utosi na upepo ukiingia mlango huu na kutokea ule, maji hukauka kabla hujamaliza kukamua kitambaa. Lakini siku hiyo, katikati ya ukumbi, ilibaki alama moja. Unyayo. Wa mguu wa kulia, vidole vyote vitano na kisigino chake. Akaupangusa. Ukarudi.

"Nani kanikanyagia sakafu yangu?" akafoka.

Hakukuwa na wa kumjibu. Hoteli ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, wageni wangerudi baada ya wiki tatu, na mafundi walikuwa wamekwenda kula. Akapiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ule unyayo. Kigae kikavu, kikavu kabisa. Maji yalikuwa upande wa chini, yakionekana kupitia kigae kama doa la unyevu ukutani.

Akachukua ndoo yake akaelekea mlangoni, huku akijisemea kwamba vigae vipya vina mambo. Alipogeuka kutazama kazi yake, aliziona nyayo nyingine, moja baada ya moja, zimemfuata kutoka pale kati mpaka alipokuwa amesimama. Kila mahali alipokanyaga yeye palikuwa na unyayo, ila ulikuwa mrefu kuliko wake kwa vidole viwili. Ilikuwa kana kwamba mtu anatembea kule chini, kichwa chini miguu juu, akigusana naye nyayo kwa nyayo. Mama Kijiko aliruka nje ya mlango, ndoo akaiacha hapo hapo.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanza na unyayo. Yalianza na Meneja na uchu wake wa kung'ara.

Sakafu ya zamani ya ukumbi ule ilikuwa ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa na miguu ya watu hadi ikawa laini. Katikati yake kulikuwa na mraba wa mchanga mtupu, ukubwa wa mkeka mmoja. Mwenye hoteli wa kwanza ndiye aliyeuacha hivyo, naye alishakufa zamani. Wafanyakazi walirithishana agizo moja tu: fagia kuuzunguka, usiukanyage. Wengi walidhani ni urembo.

Meneja huyu mpya aliiona saruji ile kuwa ushamba. Kwanza akaweka mbao. Mvua ya kwanza tu zikavimba, milango ikagoma kufunguka, mgeni mmoja akatolewa chumbani kwa dirisha. Akaja na zulia. Zulia lilinywa maji ya chumvi kila siku mpaka ukumbi ukanuka kama mbwa aliyelowa. Ndipo akaitwa fundi wa vigae, mume wa Mama Kijiko, ambaye kila mtu alimwita Timazi kwa vile alivyokuwa mrefu na amenyooka, mwili na maneno pia.

"Bosi," Timazi alimwambia, "mtu anatoka baharini miguu imelowa, imejaa mchanga. Mpe kigae chenye ukwaru, mguu ushike. Hivi vya kung'aa atateleza, na mchanga utavichubua mwaka haujaisha."

"Mimi nataka sakafu ambayo mgeni akiingia anajiona uso wake."

"Akishaanguka atajiona vizuri zaidi."

Meneja akaelekeza kidole katikati ya ukumbi. "Na hicho kichanga hapo kati, kifunike. Hii ni hoteli, si shamba."

Mwenye nguvu mpishe. Timazi akafunika.

Lakini ni lazima niwaambie jinsi Timazi alivyofanya kazi, maana hapo ndipo balaa lote lilipojificha. Vigae vikishakauka, alikuwa akipita kimoja kimoja na kukigonga kwa mpini wa mwiko wake wa saruji. Ko, ko, ko. Halafu anasema, "Hodi?" Kigae kikitoa sauti nzito, maana yake chini kumejaa saruji vizuri, naye husema, "Hapana mtu," anasonga mbele. Kikilia kitupu, maana yake chini kuna uwazi. Hapo hucheka, "Ahaa, mwenyewe yumo!" kisha hukibandua, akajaza saruji, akakirudisha. "Kigae kitupu hakijai chenyewe," alipenda kusema. "Lazima kitu kiingie chini yake." Ulikuwa utani wake wa miaka ishirini, na hakuna fundi mwenzake ambaye hakuuiga.

Vigae tisa vilivyokaa juu ya ule mchanga vililia vitupu vyote. Akavibandua. Saruji aliyoiweka siku mbili kabla haikuwepo. Ule mchanga ulikuwa safi, umelainishwa kama shuka lililonyooshwa. Akajaza upya, akarudisha. Vikalia vitupu tena. Mara ya tatu Mama Kijiko alikuwa hapo hapo ukumbini akifuta vioo, na kwa masikio yake alimsikia mumewe akigonga na kusema, "Hodi?" na baada ya hapo akasikia sauti ya chini, ya upole, sauti ya mtu wa mapokezi aliyefundishwa kazi vizuri, ikisema, "Karibu."

"Umesikia?" akauliza.

"Nisikie nini? Ukumbi mtupu huu, ni mwangwi tu." Lakini Timazi alikuwa amesimama, na jasho lilikuwa likimtoka hata kwenye masikio.

Siku hiyo hiyo akamwaga zege pale juu ya mchanga, akaweka vigae vingine. Vile tisa akavibeba nyumbani. Ndivyo ilivyo kwa mafundi, mabaki ni ya fundi, na nani atatupa vigae vizima? Akavibandika chumbani kwa binti yao, miguuni pa kitanda, mtoto apate mahali pa baridi pa kuchezea. Siku chache baadaye mkewe alipomhadithia kuhusu zile nyayo, alimjibu bila kumtazama, "Vigae hutoa jasho, mke wangu. Ni hewa ya bahari." Na mtu akikujibu bila kukutazama, kuna jambo.

Binti yao alikuwa na miaka saba. Walimwita Kijiko kwa kuwa tangu anyonye hakuachia kijiko mpaka akilambe king'ae. Hawakuwa na mwingine. Kabla yake walizika wawili, na baada yake madaktari walisema basi. Kwa hiyo alilelewa kama yai, lakini yai lenye adabu. Likizo alikuwa akikaa na mama yake hotelini, na kule alijifunza sheria ya kwanza ya Meneja: yeyote anayeingia, awe nani, aambiwe "Karibu" huku meno yakionekana. Wafanyakazi walimpenda kwa hilo. Hodi haijamaliza kutamkwa, Kijiko keshajibu.

Alhamisi moja Mama Kijiko aliwahi kutoka kazini. Mtoto alikuwa amesharudi kutoka shule. Alimkuta chumbani amelala kifudifudi, sikio kwenye vigae, akitabasamu.

"Unafanya nini hapo chini?"

"Namsikiliza mgeni."

"Mgeni gani?"

"Kabisha. Kagonga hivi." Mtoto akagonga kigae kwa kidole, ko, ko, ko, vile vile agongavyo baba yake. "Akasema hodi. Nikasema karibu. Akasema asante." Akamwangalia mama yake, akaona uso umebadilika. "Si ndivyo ulivyonifundisha, mama?"

Ndivyo alivyomfundisha. Mama Kijiko alisimama mlangoni, na harufu ikamfikia puani, harufu ya saruji mbichi na ya maji ya bahari yaliyofungiwa mahali miaka mingi, na alitaka kumpiga mtoto, na alitaka kumbeba akimbie naye, na mwisho hakufanya lolote, alisema tu, "Inuka, mwanangu. Inuka hapo sasa hivi."

Kuanzia hapo Kijiko alikula. Alikula chakula chake, akala cha mama yake, akasimama karibu na sufuria akisubiri ukoko. Mwanzoni walifurahi. Siku ya tatu Mama Kijiko alimwinua kumpandisha kitandani, na mikono yake ikapaa juu, kwa sababu alikuwa ameandaa nguvu za kubeba mtoto wa miaka saba na alichokibeba kilikuwa chepesi kama kikapu. Mashavu yalikuwa yale yale. Tumbo lile lile. Uzito ndio uliokuwa unakwenda, na hakuna aliyejua unakwenda wapi.

Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, wakampandisha kwenye mizani mara mbili, kisha nesi akaigonga ile mizani kwa kiatu na kusema imeharibika.

Usiku huo, au tuseme jioni, maana taa zilikuwa hazijawashwa, Kijiko alikohoa. Timazi akamkalisha pajani, akampigapiga mgongoni kwa vifundo vya vidole, kama baba yeyote. Ko, ko. Mkono wake ukasimama. Mama Kijiko alikuwa mlangoni, akaona uso wa mumewe ukikauka damu. Timazi akasogeza mkono chini kidogo, akagonga tena, taratibu, kwa namna ambayo mkewe aliifahamu vizuri, namna ya fundi anayepita kigae kimoja kimoja. Ko. Akagonga begani. Ko. Ubavuni. Ko.

"Baba Kijiko," mkewe alinong'ona. "Sema neno."

"Kitupu," alisema Timazi, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani. "Mke wangu, mtoto analia kitupu."

Alibandua vile vigae tisa kwa mikono, kucha zikavunjika, akavirundika nje na kuvisaga kwa nyundo hadi vikawa unga. Haikusaidia. Asubuhi Kijiko aliposhuka kitandani, miguu yake haikutoa sauti sakafuni.

Kulikuwa na mwanamke mzee aliyefua mashuka ya hoteli ile tangu ikiwa na vyumba vinne, mpaka vidole vyake vikachujuka kwa sabuni. Wote walimwita Bibi Dobi. Watu waliokata tamaa ya hospitali walikuwa wakimwendea, hakuwa na ubao mlangoni wala hakujisifu. Walimkuta akipiga pasi. Alimtazama mtoto mara moja tu, akaichomoa pasi ukutani.

"Nani alibisha hodi kwa wenyewe?" akauliza.

Timazi akaeleza yote. Vigae, mchanga, mwiko, utani wake.

"Pale kati ni mlango wao," alisema Bibi Dobi. "Mwenye hoteli wa kwanza aliuacha wazi kwa heshima, wao kwao, sisi kwetu. Kuufunika tu wangekununia, basi. Lakini wewe umegonga, ukasema hodi. Mara ngapi?"

"Vigae tisa, Bibi. Mara tatu kila kimoja."

"Hodi ishirini na saba! Ukajibiwa karibu. Ukaingia?"

"Sikuingia."

"Sasa niambie wewe. Mtu akibisha mlangoni kwako, ukamkaribisha, asiingie, akabisha tena, ukamkaribisha, asiingie. Utafanyaje?"

Mama Kijiko ndiye aliyejibu. "Nitatoka nimwone anataka nini."

"Ndiyo. Nao wametoka. Majini wale wana adabu kutuzidi sisi, kila jambo hulitimiza. Mmoja wao amekuja kwenu, akabisha, akakaribishwa na mtoto. Mtoto hakujua kumpa kiti. Kwa hiyo amekaa pale alipopata nafasi." Bibi akakitazama kifua cha Kijiko. "Na kila siku anajiongezea nafasi."

"Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Timazi kwa hasira, hasira ya mtu asiye na kingine cha kushika. "Nitamfukuza!"

"Aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu. Aliyebisha ndiye aende akaingie. Ukaseme ulichokuja kutafuta, uombe ruhusa, utoke. Ukitoka wewe kwao, naye atatoka kwenu. Lakini nisikilize. Watakwambia keti. Usikae! Sema una haraka, umeacha mgonjwa nyumbani. Mgeni akishakaa kule, si mgeni tena. Ni mtu wa nyumba ile."

Walimpigia magoti Meneja. Akasema sakafu imeshakamilika, wageni wanaingia Jumamosi, na kama mtoto anaumwa, sakafu inahusika nini? Basi hawakuomba tena. Siku iliyofuata, saa saba, Meneja alipokwenda kula, Timazi aliingia ukumbini na nyundo kubwa, akavunja vigae vile vipya na zege lililo chini yake, vipande vikiruka mpaka kwenye kaunta. Bibi Dobi alisimama mlangoni. Mama Kijiko alikaa chini na mtoto mapajani. Hakuhisi uzito wowote, alilazimika kuangalia mara kwa mara kama bado yupo.

Mchanga ulionekana, mweupe, umenyooka.

Timazi akavua viatu. Akachukua uzi wake wa kazi, ule wa kunyooshea mistari ya vigae, akajifunga mkononi fundo la kiume, ncha nyingine akampa mkewe.

"Nikikawia, vuta."

"Usikae, baba Kijiko. Nakuomba. Usikae."

"Mimi na kukaa wapi na wapi? Tangu unioe umewahi kuniona nimekaa?" Akajaribu kucheka. Alikuwa akipenda kusema hivyo, kwamba mke ndiye aliyemuoa yeye. Akampapasa binti yake shavu, akapiga goti, akagonga mchanga kwa mpini wa mwiko, na mchanga, ambao haupaswi kulia, ukalia. Ko, ko, ko.

"Hodi?"

"Karibu," ikasema ile sauti ya upole.

Akakanyaga. Hakuzama kama mtu anayezama, alishuka kama mtu anayeteremka ngazi, hatua kwa hatua, mchanga ukampita magotini, ukampita kiunoni, akamwangalia mkewe mpaka ukampita machoni, na uzi ukaendelea kuteleza vidoleni mwa Mama Kijiko, ukiteremka, ukiteremka, na yeye aliinama mpaka sikio lake likagusa mchanga uliokuwa baridi kama jiwe la kisimani, akasikia yote, kwa mbali, kama mtu anavyosikia mazungumzo ya chumba cha pili.

"Nimekuja kumwombea mwanangu," ilikuwa sauti ya mumewe. "Nilibisha kwa mzaha. Nisameheni. Mtoeni mtu wenu, nami niende."

"Tutamtoa. Keti tuongee."

"Nina haraka. Nimeacha mgonjwa."

Bibi Dobi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Kijiko akashusha pumzi.

"Nenda, basi," ikasema ile sauti, bila chuki yoyote, kwa huruma hata. "Tutamtoka leo hii. Lakini kilicholiwa kimeshaliwa, fundi. Atabaki kama alivyo. Unafikiri ataishi siku ngapi?"

Uzi haukusogea. Mama Kijiko alifungua mdomo ili apige kelele, na kabla hajapiga alimsikia Timazi akisema taratibu, kwa ile sauti yake ya kazini akishajua la kufanya, "Kigae kitupu hakijai chenyewe."

"Hakijai," ikakubali ile sauti. "Karibu kiti."

"Usikae!" Mama Kijiko alipiga yowe, akavuta uzi kwa mikono miwili, akavuta kwa mwili mzima, "Baba Kijiko, usikae, mume wangu, usikae, tutatafuta njia nyingine, usikae!"

"Asante," alisema Timazi.

Uzi ukawa mwepesi. Akauvuta wote mpaka mwisho. Haukuwa umekatika. Ulikuwa umefunguliwa, na ile ncha ilikuwa imeviringwa vizuri, kitanzi juu ya kitanzi, jinsi Timazi alivyoviringa uzi wake kila jioni kwa miaka ishirini.

Na hapo ndipo mapaja yake yalipoumia. Kitu kizito kilikuwa kimemlemea, kizito na cha moto, kinachojinyonganyonga. Kijiko alikuwa akilia.

"Mama, mguu wangu umekufa ganzi. Nataka kwenda nyumbani. Baba yuko wapi?"

Bibi Dobi akaja, akamgonga mtoto mgongoni kwa kifundo kimoja. Sauti ikatoka nzito, imejaa. Bibi mwenyewe akageuza uso asionekane. Mama Kijiko alikuwa akimkumbatia mtoto na kuukwangua mchanga kwa mkono mwingine, akichimba, akiita jina la mumewe la nyumbani ambalo hakuna mwingine aliyelijua, lakini mchanga ulikuwa umeshakuwa mchanga tu, na chini yake mchanga.

"Mwanangu, sikia," Bibi Dobi alimwambia alipoweza kusikia. "Mumeo atabisha. Hawezi kuacha kubisha, mlango wa kwenu anaujua. Usimjibu, wala mtoto asijibu. Muungwana hubisha mara tatu, asipojibiwa huondoka. Hesabu tatu, umeze mate, basi."

Meneja alisema fundi amemvunjia sakafu akatoroka. Akawaambia watu wote, na watu wote wakaambiana. Akaleta fundi mwingine, vigae vikawekwa tena, na safari hii hata pale kati vililia vizito kuliko kwingine kote. Meneja akafurahi. "Mnaona kazi ya fundi anayejua?" akasema. Mama Kijiko alikuwa akideki karibu yake. Alikamua kitambaa na kuendelea.

Angeacha kazi, lakini aende wapi, na mtoto ale nini? Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Akifika pale kati, akiwa peke yake, huvua ndara na kusimama kidogo. Na chini ya nyayo zake baridi huja, taratibu, kwa umbo la miguu anayoijua.

Nyumbani alikuwa ameiacha sakafu ya chumba cha mtoto saruji tupu. Kila siku, saa saba ikigonga, hodi zilikuja. Ko, ko, ko.

"Hodi?"

Siku ya kwanza Kijiko aliisikia sauti ya baba yake, akaruka kitandani, mdomo umeshafunguka. Mama yake alimfikia katika hatua mbili, akauziba ule mdomo kwa kiganja, akamkandamiza kifuani huku mtoto akirusha miguu. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Kisha kimya. Walilia wote wawili mpaka wakalala hapo hapo chini. Baadaye mtoto alizoea, kama watoto wanavyozoea. Walikaa kitandani wameshikana mikono, wakahesabu tatu, wakameza mate. Mama Kijiko alianza kutoroka kazini ili asiikose. Hiyo ilikuwa ndoa yake sasa, hodi tatu kwa siku, na haki ya Mungu alizipenda.

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumanne moja walikuwa wamekaa kama kawaida, Kijiko akiwa na sare zake za shule, mzima, mnene, mzito kitandani.

Ko, ko, ko. "Hodi?"

Moja.

Ko, ko, ko. "Hodi, mama Kijiko?"

Mbili.

"Hodi, mke wangu?" Sauti ilikuwa imechoka.

Tatu. Mama Kijiko akameza mate, akaanza kuinuka arudi kazini.

Ko. Ko. Ko.

Harufu ya saruji mbichi ikajaa chumbani ghafla. Kwenye sakafu kavu nyayo zikaanza kujitokeza, jozi moja chini ya kitanda, jozi nyingine karibu na dirisha, nyingine mlangoni, nyingine, nyingine, zote zimeelekea kitandani kwa heshima kama watu waliopanga foleni, na katikati yao jozi moja ndefu iliyonyooka ambayo Mama Kijiko angeitambua hata kaburini.

"Hodi, mwenye nyumba," ikasema ile sauti nyingine, ya upole. "Mumeo ameomba ruhusa, nasi tumempa. Mgeni mwema husindikizwa. Tumemsindikiza wote, mpaka mlangoni. Mnatukaribisha?"

"Mke wangu," alisema Timazi kutoka chini, karibu sana, sauti yenyewe, pumzi yenyewe. "Ni mimi. Sema neno moja tu."

Mama Kijiko alifahamu kila kitu. Alifahamu ni wangapi wangeingia pamoja naye, na kwamba chumbani hamkuwa na viti. Alifahamu, na bado machozi yakamtoka, na ulimi ukainuka wenyewe kinywani, na midomo ikafunguka kwa lile neno alilolisema mara mia kwa siku kwa watu asiowapenda, na sasa alitaka kumwambia mtu mmoja tu duniani.

Kiganja kidogo, cha moto, kizito, kikamziba mdomo.

"Usijibu, mama," alinong'ona Kijiko. "Baba habishi mara nne."